Mbuzi ya Nazi na Uhusiano Baina ya Vizio

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba siogopi. Kuogopa naogopa sana, ila hiyo siyo sababu. Sababu ni kwamba kila ninapoitaja, msomaji mmoja mahali fulani huruka kitini akasema, "Hii si ndiyo kwetu?" halafu lawama hunirudia mimi. Basi tuseme ni nchi tu. Ina bendera, ina wimbo, ina foleni, na ina Ikweta.

Ikweta ndiyo iliyotuponza. Ule mstari ambao walimu wa jiografia husema unaigawa dunia vizio viwili, cha Kaskazini na cha Kusini, kwetu unapita katikati ya mtaa wa Kitovuni, mbele ya duka langu la kunyolea. Babu zetu waliuvuka kila asubuhi wakienda kuomba moto kwa jirani, na hapana hata mmoja aliyejikwaa. Hawakujua kwamba walikuwa wakifanya mambo makubwa ya kimataifa, na walikufa hivyohivyo bila posho.

Aliyetufumbua macho ni Mtukufu Mhimili wa Taifa, rais wetu, aliporudi kutoka mkutano wa ng'ambo. Yeye harudi mikono mitupu. Safari ya kwanza alirudi na neno Uwazi, likawekwa mahali pa siri. Safari ya pili alirudi na Kubana Matumizi, likanunuliwa magari mapya ya kulizungushia nchi nzima. Safari hii alirudi na Uhusiano Baina ya Vizio.

"Ndugu wananchi," alisema kwenye uwanja wa ndege, "wenzetu wote niliowakuta kule wana kizio kimoja kimoja. Wakitaka kuhusiana na kizio cha pili, sharti wapande ndege. Sisi Mungu ametupa vyote viwili. Sisi tunaweza kuhusiana tukiwa na kandambili!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Wizara ya Uhusiano Baina ya Vizio iliundwa kabla mizigo haijashuka, na uwaziri akapewa Dakta Gombera, aliyekuwa Mifugo. Ilisemekana ana uzoefu wa viumbe wanaovuka mipaka.

Kilichofuata ni maana. Neno likiingia nchini bila maana ni hatari, mtu yeyote aweza kulitumia. Ikateuliwa Kamati ya Maana na Matumizi, ikajifungia katika hoteli ya ufukweni, ikala, ikatoka imenenepa na imeshika kifungu hiki, ambacho watoto wetu walikikariri shuleni: *Uhusiano Baina ya Vizio ni jambo lolote linalotendwa, linalonenwa au linalonuiwa na aliye upande mmoja wa Ikweta kumwelekea aliye upande wa pili, liwe jema au baya, isipokuwa chafya isiyokusudiwa.*

Hiyo ndiyo maana. Matumizi yalikuwa haya: kila jambo la namna hiyo ni mali ya Wizara; na mtu wa Kaskazini ataitwa Mhisani, wa Kusini ataitwa Mlengwa. Hapo pana jambo ambalo mimi, kwa ujinga wangu, lilinichukua muda kulielewa. Pale mtaani kwetu kisima kiko upande wa Kusini. Minazi iko Kusini. Kaskazini tuna vumbi, na duka langu. Kila alfajiri sisi Wahisani tulivuka na ndoo zetu kwenda kuchota maji ya Walengwa, na kila jioni redio ikatangaza kwamba Wahisani wameisaidia Kusini kukabiliana na tatizo la maji kuzidi. Mimi mwenyewe nilipewa cheti.

Hata kunyoa kuligeuka mradi. Mlengwa akija kukata nywele, ilinipasa nimtundike kibao shingoni kwa siku saba: "Kichwa hiki kimenyolewa kwa hisani ya watu wa Kaskazini." Wateja wakaanza kufuga nywele.

Rangi ya njano ya kuchorea Ikweta barabarani ilitolewa na Nchi Rafiki, iliyo mbali sana huko kaskazini ya Kaskazini. Balozi wake alikuja kushuhudia uchoraji. Alikuwa mtu mpole, mwenye Kiswahili safi kuliko changu na leso isiyokauka. Mstari ulinyooka vizuri kabisa, ila ulipofika kwenye baa ya shemeji yake Waziri ukajipinda kidogo, kwa sababu za kitaalamu. Akawekwa pia Ofisa wa Mstari, mwenye filimbi.

Mambo yakaenda hivyo, tukicheka chinichini, mpaka Mwanamvua aliposusa.

*

Mwanamvua ni mke wa Shomari, fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta upande wa Kaskazini. Kwao ni ng'ambo ya barabara, Kusini, karibu hivi kwamba Shomari akikohoa, mama mkwe wake Bi Chausiku humwambia pole. Siku ya harusi yake Mwanamvua alikuja na mbuzi ya nazi aliyoachiwa na bibi yake. Ilikuwa ya mninga, imekaliwa hata ikang'aa, na ulimi wake wa chuma ulikuna nazi ikatoka nyeupe na laini bila hata chembe ya kifuu. Mchuzi wa nyumba ile ulinisumbua mimi ukutani kwangu kila siku Mungu aliyoileta.

Basi Shomari ana dada, Somoe, anayekaa mtaa wa juu, na Shomari akiwa mbele ya dada yake hujitutumua. Siku moja Somoe alipita, Mwanamvua hayupo. Akaiona mbuzi, akaisifu. Shomari akasema, "Si hii tu? Chukua." Somoe akachukua.

Mwanamvua aliporudi, ana nazi mbili mkononi, aliuliza mbuzi iko wapi. Nilisikia kila neno, na sikuwa nimetega sikio, ukuta ni mwembamba.

"Ipo kwa Somoe," Shomari alisema.

"Imefikaje kwa Somoe?"

"Aah, mke wangu. Ilikuwa imekaa tu. Na kwa Somoe itatunzwa vizuri zaidi, ana kabati."

Nikasikia nazi moja inagonga ukuta, halafu ya pili. Mwanamvua akafunga kanga zake, akavuka barabara, akaenda kwao.

Kwetu mke aliyesusa harudi mwenyewe, na wala hatumiwi mjumbe. Mume huenda kwa miguu yake mwenyewe mchana watu wakiona, akasimama kizingitini kwa wakwe, akasemwa mpaka waseme basi, kisha akaomba radhi kwa kinywa chake. Radhi ya kichochoroni haihesabiwi. Ndipo huletewa kahawa, na mke humtwisha furushi lake akalibeba kichwani mpaka nyumbani. Lakini mwezi mpya ukiandama mume hajatokea, wazee wa mke hupeleka shauri kwa kadhi, na ndoa ikifika huko, mara nyingi hairudi. Mwezi ule ulikuwa umefika katikati.

Shomari alijikaza kiume kwa muda. Alinunua unga wa nazi wa pakiti, akajipikia wali, akala kijiko kimoja. Kesho yake alivaa kanzu, akaja dukani kwangu nimnyoe ndevu.

"Naenda," alisema.

"Nenda, bwana. Umechelewa hata hivyo."

Alifika kwenye rangi ya njano. Filimbi ikalia.

"Wewe Mhisani, unakwenda kufanya nini?" aliuliza Ofisa wa Mstari.

"Kumwomba mke wangu radhi."

Ofisa filimbi ilimdondoka. "Radhi? Kutoka Kaskazini kwenda Kusini?" Alitazama huku na huku kama mtu aliyeonyeshwa bunduki. "Subiri hapohapo. Usiseme neno. Usinuie chochote!"

*

Msafara wa Waziri ulifika kwa ving'ora, na Balozi wa Nchi Rafiki nyuma yake. Wakaingia dukani kwangu kwa kuwa ndilo lililokuwa na feni, wakamketisha Shomari kwenye kiti cha kunyolea.

"Kijana," alisema Dakta Gombera, ingawa Shomari anamzidi umri, "unajua unataka kutenda nini? Tumefungua kumbukumbu zote za Uhusiano Baina ya Vizio tangu dunia iumbwe. Mikopo imevuka. Mitumba imevuka. Ushauri umevuka kwa tani. Radhi haijawahi kuvuka!"

"Ni mke wangu, mheshimiwa. Nimechukua kitu chake."

"Shh!" Balozi alisema, akajipangusa shingo. "Tafadhali, bwana Shomari. Hakuna aliyesema 'nimechukua'. Ikisemwa mara moja, rasmi, kutoka Kaskazini kwenda Kusini, watu wataanza kuuliza na mengine."

"Mengine yapi?" Waziri aliuliza, kwa nia njema kabisa.

Balozi aliomba maji, akayanywa taratibu mpaka glasi ikaisha, na swali nalo likaisha.

Wakaamua kwamba Shomari asivuke, na kwamba Wizara itamtungia maneno. Kwanza waliihifadhi mbuzi. Askari walikwenda kuichukua kwa Somoe ili isiharibiwe na matumizi, ikajengewa Jumba la Turathi za Kusini, huku Kaskazini, ubavuni mwa duka langu. Ikawekwa ndani ya kioo, juu ya mto mwekundu, na maelezo yaliyoandikwa na wataalamu wa Nchi Rafiki: "Kigoda chenye ulimi wa chuma. Matumizi yake hayajulikani. Yamkini ni ya ibada."

Mwanamvua alipewa kibali cha kwenda kuitazama. Alivuka na mama yake. Kijana mmoja mwenye fimbo akamweleza kwa ufasaha kwamba kile ni kigoda, na kwamba asiguse, kwa maana jasho la mikono huharibu mbao.

"Mwanangu," Bi Chausiku alimwambia yule kijana, "mbao hiyo imeng'arishwa kwa makalio ya mama yangu. Jasho la mkono litaifanya nini?"

Yule kijana aliandika hayo kwa uangalifu mkubwa. Kesho yake maelezo yaliongezwa mstari: "Yahusishwa na mizimu ya ukoo."

Siku iliyofuata Waziri akaenda mwenyewe, na kipaza sauti, akasimama kwenye rangi ya njano kuwasomea wakwe tamko la kwanza.

"Upande wa Kaskazini unatambua kwa masikitiko kwamba, katika mazingira ya wakati ule, mbuzi ya nazi ilijikuta mahali pengine."

Bi Chausiku alitoka na upawa mkononi. "Ilijikuta? Ina miguu?"

"Miguu inayo, mama," Waziri alijibu, "ila Kamati bado haijathibitisha kama ilitembea."

"Na mkwe wangu yuko wapi?"

"Yuko salama, mama. Tunasikitika kwa niaba yake."

"Rudi kwenu, mwanangu," Bi Chausiku alisema. "Wali wangu unaungua."

Kwa kuwa tamko lilikataliwa, wataalamu waligundua kwamba tatizo liko kwa Mwanamvua: hajui kusikitikiwa. Akaalikwa semina ya Kumjengea Mlengwa Uwezo wa Kupokea Masikitiko. Palikuwa na chai, maandazi, peni na fulana. Mwezeshaji aliwapanga wawili wawili, mmoja asikitike na mwenzake aseme "asante kwa kunitambua." Mwanamvua alikunywa chai, akarudi na fulana, na mama yake akaifanya tambara la kuepulia sufuria.

*

Siku zikazidi kukatika. Shomari akawa anakuja dukani kwangu asubuhi, anakaa, hanyolewi. Alikonda hata kanzu alizojishonea mwenyewe zikawa kama za kuazima. Nilidhani ni njaa, nikamletea mkate.

"Si chakula," alisema. "Nyumba haina sauti. Usiku nikigeuka natafuta mtu wa kumwambia kumekuwa na joto." Akafuta uso kwa mkono wa kanzu. "Namtaka mke wangu, kinyozi. Nilimfanyia dharau, na sasa nazuiwa hata kusema kwamba ni dharau."

Nitasema kweli: miaka yote ile nilikuwa nikimvumilia tu Shomari, kwa maringo yake. Siku ile nilimpenda.

Habari ikaja kwamba mambo yamekwisha kutengenezwa. Siku ya mwezi kuandama kungefanyika Sherehe Kuu palepale mstarini. Mtukufu Mhimili angekuwepo. Shomari angesoma Tamko la Pili, na Nchi Rafiki ingetia saini Mkataba wa Azima, ambao kwa huo Kaskazini ingemwazima Mwanamvua mbuzi yake kwa muda maalumu, kwa sharti kwamba asiikalie na asikunie nazi.

Lilipigwa hema kubwa. Kiti cha Mtukufu kiliwekwa juu ya rangi ya njano hasa, ili kila kizio kipate haki yake ya makalio, na mezani mbele yake ikawekwa mbuzi juu ya mto wake mwekundu. Ng'ambo ya mstari ulikuwa mlango wa Bi Chausiku, wazi. Mwanamvua alisimama nyuma ya pazia. Tuliona miguu yake. Jua lilikuwa limeinama na watoto walikwisha kupanda mapaani kuutafuta mwezi.

Dakta Gombera alihutubia. Alisema historia inatutazama, akaipungia mkono. Kisha akampa Shomari karatasi na kipaza sauti, na redio ya taifa ikimrusha moja kwa moja.

"Mume wa Kaskazini," Shomari alisoma, "anatambua kwamba mbuzi ya nazi ilihama..."

"Nani aliihamisha?"

Sauti ilitoka nyuma ya pazia, wala haikuwa kubwa. Shomari alinyanyua macho. Waziri alimgonga kisigino, na Shomari akarudi kwenye karatasi.

"...ilihama, katika mazingira ya wakati ule, kwa nia ya kuitunza..."

"Nani, Shomari?"

Nilijikuta nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua. Juu ya paa mtoto mmoja alianza kusema "Ule pale!" na mama yake akamziba mdomo.

Shomari aliikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Mimi," alisema. "Mimi, Mwanamvua. Niliichukua mimi, hukuwepo, na nilijua ni ya bibi yako. Nilitaka dada yangu anione mkubwa. Nimekosa. Nisamehe, mke wangu."

Maneno yalikuwa hayo tu, mafupi, na yalitoka kwenye kila redio ya nchi.

"Futeni!" Dakta Gombera alipiga kelele. "Halijasemwa hilo!" Lakini Shomari alikwisha kunyakua mbuzi kutoka juu ya mto wake mwekundu, akaitia kwapani, akaenda. Ofisa wa Mstari, ambaye mke wake amekwisha kumsusia mara mbili, aliweka filimbi mfukoni akageuka kutazama mwezi, kazi ambayo haimo katika majukumu yake. Shomari akaivuka rangi ya njano, akasimama kizingitini kwa wakwe, akainama.

Bi Chausiku alimsema. Alimsema vizuri, kwa mpangilio, tangu siku ya posa, na watu wa vizio vyote viwili wakiitikia. Aliposema basi, pazia likafunguka. Mwanamvua akaipokea mbuzi, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye chuma.

"Ulimi umeota kutu."

"Nitaunoa."

"Na nazi?"

"Nitakuna mimi."

"Mpaka lini?"

Shomari alifikiri. "Mpaka useme basi."

Hapo vigelegele vikapasua hema, mtoto juu ya paa akaachiwa mdomo, na mimi nililia, sioni aibu kusema. Kahawa ikatoka. Dakta Gombera, ambaye hakufika alipofika kwa kuzubaa, alipanda jukwaani kutangaza kwamba haya ndiyo matunda ya Wizara yake. Mtukufu Mhimili aliamka, akapiga makofi, akauliza ni nani ameoa.

Balozi wa Nchi Rafiki alikuwa amevuka mstari bila kujijua, akisukumwa na umati, mpaka akajikuta mlangoni kwa Bi Chausiku, leso mkononi, na mkataba usiotiwa saini umemlowa jasho. Bi Chausiku alimtazama kwa huruma, maana ni mama wa watu.

"Na wewe, baba," alimwuliza, "kwenu huko hakuna kitu cha mtu?"

Balozi akawa mwekundu kuliko ule mto. Akasema, kwa Kiswahili chake kile kizuri, kwamba kwa heshima zote swali hilo halimo ndani ya maana ya Uhusiano Baina ya Vizio. Kwamba, ikiwa kuna vitu, vilijikuta. Kwamba vimetunzwa vizuri sana, katika makabati.

Bi Chausiku aliweka birika chini.

"Basi simama hapohapo kizingitini, mwanangu," alisema. "Hata Shomari alianza hivyohivyo."